Chanjo ya kideri haizuii mafua ya ndege

Dhana: "Kuku wangu wamechanjwa kideri, mafua ya ndege hayatawapata."

Hili ndilo ninalolisikia zaidi nikipita soko la Kibuye hapa Kisumu, na ndilo linalonitia hofu. Kosa lenyewe linaeleweka, kwa kuwa magonjwa haya mawili hufanana sana: kuku anazubaa, anahema kwa shida, kichwa kinavimba, na banda zima laweza kuisha kwa siku chache. Lakini virusi vyake ni vya koo tofauti kabisa. Lile tone la chanjo la jichoni humkinga kifaranga dhidi ya kideri tu. Endelea kulitoa, maana kideri kinatumalizia kuku wengi. Ila kuku waliochanjwa wakianza kufa ghafla, usiseme dawa ilikuwa mbovu ukawakimbiza waliobaki sokoni. Mwite daktari wa mifugo, kwa kuwa ni maabara pekee inayoweza kutofautisha.

Dhana: "Huo ni ugonjwa wa nchi za mbali."

Januari 2017, ndege wa porini walikutwa wamekufa upande wa Uganda wa ziwa hili hili letu, karibu na Entebbe. Kirusi kilikuwa cha mafua ya ndege, aina ya H5N8, na kikaingia kwa kuku na bata wa kufugwa pia. Kenya ilisimamisha uagizaji wa kuku na mayai kutoka huko. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hutua Ziwa Victoria na Ziwa Nakuru kila mwaka, na hawaulizwi pasipoti mpakani.

Dhana: "Wanasayansi wangetaka, wangeshatengeneza chanjo moja ya kumaliza mafua yote."

Wanataka, tena wanahangaika kweli. Mfikirie uyoga. Juu ya kirusi cha mafua zimeota protini nyingi zinazoitwa hemaglutinini, kila moja ina kofia na shina. Kofia ndiyo inayoshika seli, na ndiyo ambayo kingamwili zetu huikimbilia kwanza. Kwa bahati mbaya kofia hubadilika upesi. Kwa ndege wa majini peke yao zinajulikana angalau aina 16 za protini hiyo, zikiwemo H1 hadi H16, na hata ndani ya H5 peke yake kuna matawi mengi, kiasi kwamba chanjo ya tawi la zamani yaweza kuwa dhaifu mbele ya jipya.

Shina halibadiliki sana. Kwa hiyo watafiti wengine wanajaribu kuufundisha mwili ulishike shina, kazi ngumu kwa sababu limejificha chini ya kofia. Wengine hulinganisha virusi vingi kwa kompyuta na kubuni kofia inayofanana kidogo na zote. Wengine hulenga protini za ndani ya kirusi, ili seli za kinga ziue seli iliyokwisha kuambukizwa.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha chanjo ya mRNA (maelekezo yanayoufanya mwili utengeneze wenyewe protini ya kirusi) yenye aina zote 20 za mafua zilizojulikana, ikijaribiwa kwa panya na wanyama jamii ya vicheche. Haikuzuia kila maambukizi, lakini ilipunguza ugonjwa mkali na vifo, hata kirusi kilipokuwa hakilingani sawasawa na kilichomo kwenye chanjo. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, chanjo ya binadamu ya kukinga mafua ya aina zote bado haijaidhinishwa.

Dhana: "Nyama na mayai ndiyo hatari."

Vikiiva hadi ndani, nyuzi 70, kirusi hufa. Hatari iko kwa anayemchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa.

Dhana: "Chanjo ya mafua ya ndege kwa kuku ikija, kazi imekwisha."

Ufaransa imekuwa ikichanja bata wake tangu Oktoba 2023, na bado inawapima mara kwa mara, kwa sababu ndege aliyechanjwa anaweza kubeba kirusi na kukitoa kwenye kinyesi bila kuonekana mgonjwa. Nasi siku hiyo ikifika, tutahitaji sindano na maabara kwa pamoja.