Seli T humtambuaje bakteria wa TB?

Mzazi akiona mkono wa mtoto umevimba baada ya kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, swali huwa lile lile, iwe Likoni au Kisauni: "Si alidungwa chanjo ya BCG alipozaliwa? Kovu si hili hapa?" Kumjibu sawasawa, lazima tuanzie mapafuni.

Bakteria wa TB akivutwa na pumzi humezwa na seli ziitwazo makrofaji. Humo ndani huwa hafi kwa urahisi, maana ana ujanja wa kuzuia asimeng'enywe. Seli T, yaani seli nyeupe ya damu inayolinda mwili, haimwoni. Inachokiona ni vipande vya protini zake, vilivyokatwakatwa na makrofaji na kupachikwa kwenye molekuli za HLA juu ya uso wa seli, kama muuza mapapai wa Kongowea anavyokata kipande mteja aone kilichomo. Seli T nyingi hupita tu. Ile ambayo kipokezi chake kinakishika kipande hicho barabara huanza kuzaana. Zile za aina ya CD4 humwaga interferoni gama, kemikali inayoyapa makrofaji nguvu ya kuua. Virusi vya Ukimwi huziangamiza CD4 hizo hizo, ndipo TB hupata nafasi.

Kuna jambo ambalo mimi hunishangaza. Vimelea wengi hubadilisha sehemu zinazotambuliwa ili wakwepe kinga. Za TB, nyingi hazibadiliki. Huenda bakteria huyu anafaidika kutambuliwa: mapambano yakiwa makali pafu huharibika, mgonjwa hukohoa, na abiria wa matatu iliyofungwa madirisha wanamvuta bakteria kwa pumzi.

Sasa ule mkono. Dawa ya kipimo cha ngozi ni mchanganyiko wa protini nyingi za bakteria wa TB, na baadhi yake BCG pia inazo. Seli T zilizofunzwa na chanjo zinaweza kuzikumbuka na kuvimbisha ngozi, ingawa mtoto hana TB. Kipimo cha damu hutumia ESAT-6 na CFP-10, protini za bakteria wa TB ambazo BCG haina. Damu huchanganywa nazo, ikakaa takriban siku nzima, kisha interferoni gama ikapimwa.

Hata hivyo, vipimo vyote viwili huonyesha tu kwamba seli T zimewahi kukutana na protini hizo. Havitofautishi bakteria aliyelala na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo aliyekohoa wiki 2 ataombwa makohozi, hata kama mkono wake haukuvimba.