Jamu ya mapera ya kihambani: joto, sukari na asidi kwa wapishi wa Moshi na Arusha

Katika msimu wa mapera, mtu anayepita kwenye vichochoro vya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, huko Kibosho, Machame au Old Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huyanusa matunda kabla hajayaona, kwa kuwa mengi yameshaanguka na kuoza chini ya miti ambayo hakuna aliyeipanda, bali imeota kutokana na mbegu zilizoachwa na ndege. Mapera hayo, pamoja na zambarau, magogwe na matunda damu, yanaweza kuipatia kaya jamu ya miezi mingi. Wanaohudhuria mafunzo yetu hutuuliza mara kwa mara kwa nini jamu waliyoipika kwa kufuata maelekezo ya kitabu imebaki majimaji, au imekauka ikawa ngumu kama peremende. Kwa wale ambao jamu yao imekauka, jibu mara nyingi ni mwinuko wa mahali tunapoishi.

Jamu huganda vizuri na kukaa muda mrefu pale sukari yote iliyomo, yaani ile ya tunda na ile iliyoongezwa, inapofikia takribani asilimia 65 ya uzito wake. Kwa kuwa rojo lenye sukari nyingi huchemka kwenye joto la juu kuliko maji matupu, wapishi hutumia joto kama kipimo cha ukolezi huo, na vitabu vingi huelekeza jamu iepuliwe ikifika nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Kipimo hicho ni sahihi kwa mpishi wa Tanga au Dar es Salaam, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka mapema zaidi, kwa tofauti ya karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Moshi mjini, kwenye mita zinazozidi 800 kidogo, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Arusha, kwenye mita 1,400, ni nyuzi 95 tu. Kwa hiyo jamu iliyoiva itasoma nyuzi 101 au 102 Moshi, na karibu nyuzi 100 Arusha. Mara ya kwanza nilipopika jamu Arusha niliingoja nyuzi 105 kwa uaminifu wote. Nilichokiepua kilinata kwenye mwiko, kikawa cheusi, na baada ya wiki mbili kilikuwa kimejaa chembe za sukari. Tangu hapo nimeshika kanuni moja: chemsha kwanza maji matupu, soma kipimajoto chako, kisha ongeza nyuzi 4 hadi 5.

Asiye na kipimajoto atumie mizani, ambayo kwa maoni yangu ni ya kuaminika zaidi. Pima sufuria ikiwa tupu. Kilo 1 ya rojo la mapera na kilo 1 ya sukari hutoa jamu ya kilo 1.6 hadi 1.7, kwa hiyo uzito ukishuka hadi hapo, jamu imeiva. Njia ya sahani nayo husaidia: tone la jamu juu ya sahani baridi, likisukumwa kwa kidole baada ya dakika moja, linapaswa kujikunja usoni.

Kuganda huko kunahitaji pia pectini, nyuzinyuzi ya tunda inayoshika maji, ambayo ni nyingi katika tunda linaloanza kuiva na hupungua tunda linapolainika. Kwa hiyo chuma mapera matatu yaliyoiva kwa kila moja ambalo bado ni gumu na lina ukijani. Yachume mtini, asubuhi umande ukishakauka, wala usiokote yaliyolala chini. Pasua kila moja, kwa sababu nzi wa matunda hutaga humo na funza hawaonekani kwa nje. Epuka miti iliyo katikati ya kahawa iliyopuliziwa mrututu au dawa nyingine siku za karibuni. Tunda usilolijua kwa jina usilile, na watoto waonyeshwe ndulele mapema, kwa kuwa ikiiva huwa ya njano na huvutia, ilhali ina sumu. Msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro usiuingie kutafuta matunda. Ya kihambani yanatosha.

Katakata mapera, yapike na maji kidogo hadi yalainike, kisha yapitishe kwenye chujio ili kuondoa kokwa. Pima rojo, tia sukari na vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau kwa kila kilo, koroga kwa moto mdogo hadi sukari iyeyuke yote, ndipo uongeze moto. Usipike zaidi ya kilo 2 za rojo kwa mara moja, maana chungu kikubwa huchelewa kuiva na moto wa muda mrefu huvunja pectini. Sufuria isiyoshika kutu ni bora kuliko ya alumini, ambayo huliwa na asidi ya matunda.

Limau halikuwekwa kwa ajili ya ladha pekee. Asidi huisaidia pectini kuganda, na huzuia bakteria wanaotengeneza sumu ya botulinamu, ambao hawakui pale kiwango cha pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) kinapokuwa chini ya 4.6. Mapera, magogwe na pasheni yana asidi ya kutosha. Ndizi mbivu na papai hayana, na nawasihi wanaopika jamu ya ndizi wasiache limau hata kidogo.

Chemsha vichupa vya kioo kwa dakika 10, vijaze jamu ingali ya moto, ukiacha nafasi ya nusu sentimita juu. Funga kwa vifuniko vipya, kisha zamisha vichupa katika maji yanayochemka kwa dakika 10. Pwani dakika 5 zingetosha, lakini maji yetu yana joto pungufu. Kifuniko kilichoziba vizuri huingia ndani kidogo katikati. Chupa iliyoota ukungu itupwe yote, kwa kuwa sumu ya ukungu husambaa chini ya sehemu inayoonekana. Anayepunguza sukari aihifadhi jamu yake kwenye friji na kuila ndani ya wiki chache.

Wanaotaka kuuza waanzie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa ushauri wa usindikaji, kisha waende TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosajili vyakula nchini. Kila kichupa kiandikwe aina ya tunda na tarehe ya kupikwa, hata kile kitakachobaki kwenye kabati la nyumbani.