Soma barua ya mwanamaji kabla ya kusoma za Paulo

Wanafunzi wengi huanza somo langu wakiwa na Agano Jipya tu mkononi. Mimi huwapa kwanza barua ya kijana wa Misri aitwaye Apion, ambayo haimtaji Kristo popote.

Apion aliiandika kwa Kigiriki, juu ya mafunjo (karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa matete), katika karne ya 2 BK. Alikuwa ameingia jeshi la majini la Roma na kufika Misenum, Italia. Baba yake, Epimachus, alibaki kijijini huko Fayum. Anaanza kwa salamu, anawaombea baba, dada, mpwa na kaka afya njema, kisha anamshukuru mungu wa Wamisri, Serapis, kwa kumwokoa alipokuwa hatarini baharini. Ndipo zinakuja habari: amepata sarafu 3 za dhahabu za masurufu ya safari, ametuma picha yake, na sasa anaitwa Antonius Maximus. Salamu za marafiki zikakosa nafasi, zikaandikwa wima pembezoni. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Sasa fungua Warumi, au 1 Wakorintho: mwandishi, wapokeaji, salamu, shukrani kwa Mungu. Utaratibu ni uleule wa kila siku. Mtaalamu Mjerumani wa Agano Jipya, Adolf Deissmann, alilionyesha hilo mwaka 1908, ingawa kwa maoni yangu alizishusha mno nyaraka hizo hadi kuwa barua za kawaida tu. Za Paulo ni ndefu kupita kiasi; Filemoni pekee ndiyo inayokaribia urefu wa barua za watu wengine.

Lakini faida kubwa ninaiona katika Wagalatia. Hata Wakorintho, waliogawanyika makundi na kushtakiana mahakamani, Paulo alianza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Wagalatia hawakupata shukrani. Baada ya salamu tu: "Nastaajabu". Nyaraka zilisomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko, na waliokaa pale walijua kinachopaswa kufuata. Kutokuwapo kwake kulikuwa karipio tosha kabla hoja yoyote haijatolewa.

Na ile Wagalatia 6:11, ambapo Paulo anasema anaandika kwa herufi kubwa kwa mkono wake mwenyewe? Wengi huitafutia ugonjwa wa macho. Barua za mafunjo zina jibu rahisi zaidi: karani aliandika barua, kisha mwenye barua akashika kalamu na kumalizia mwenyewe. Katika nyingi mwandiko hubadilika waziwazi kwenye mistari ya mwisho. Karani wa Warumi tunamjua hata kwa jina, Tertio, maana alijichomekea salamu yake kwenye 16:22.