Msanii wa video wa ethnografia ni nani?

Ethnografia ni kueleza maisha ya watu kwa kuishi nao. Mtafiti anahamia mahali, anajifunza lugha, anashinda na wenyeji na kuandika anachokiona. Sasa mnyang'anye daftari, mpe kamera, na kazi yake iende jumba la sanaa badala ya maktaba ya chuo. Huyo ndiye msanii wa video wa ethnografia.

Wengi humchanganya na mtengenezaji wa dokumentari, na kweli ni ndugu. Lakini dokumentari kwa kawaida ina kisa kinachosubiri kumalizika. Huyu anaweza kukaa na watu miaka, kisha akatoa skrini tatu ndani ya chumba chenye giza, zenye picha zisizo na mwanzo wala mwisho. Na swali linalomsumbua kuliko yote ni hili: nani anaamua watu hawa waonekane vipi?

Swali hilo lina historia ndefu. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa filamu yake kuhusu Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, Nanook of the North. Nyumba ya barafu ilikuwa na giza na kamera haikutoshea, basi ikajengwa nyingine, upande mmoja wazi, familia ikaigiza maisha ya ndani huku baridi ikiwaingia. Mhusika mkuu aliitwa Allakariallak; jina la Nanook alibandikwa. Watu hao walikuwa wameshazoea bunduki, ila kwenye filamu wanawinda kwa chusa. Picha zake zinapendeza hadi leo, lakini zinaonyesha Wainuiti jinsi mgeni alivyotaka wawe.

Mfaransa Jean Rouch, naye mtengenezaji wa filamu, alijifunza kwa kukosolewa. Alirekodi uwindaji wa viboko katika mto Niger, akatia muziki wa wawindaji kwenye sehemu ya kumfukuza mnyama ili mambo yanoge. Aliporudi Ayorou, mji ulio kando ya mto huo, na kuwaonyesha wahusika wenyewe, wakamuuliza: muziki wa nini hapo? Kiboko anasikia sana, si atakimbia? Uwindaji ni kimya. Rouch akauondoa. Tangu hapo alisisitiza kwamba anayepigwa picha ana haki ya kuiona na kuisahihisha, na kwa maoni yangu ndilo somo kubwa kuliko yote katika fani hii.

Video ikairahisisha kazi hiyo. Mkanda wa filamu ulipaswa kwenda kusafishwa maabara. Wa video unarudishwa nyuma na kutazamwa palepale. Juan Downey, Mchile aliyesomea usanifu majengo na kuhamia Marekani, alianza mwaka 1973 kuzunguka mabara ya Amerika na kamera ya kubebeka, akiwaonyesha watu wa jamii moja alichorekodi kwa jamii nyingine. Mwaka 1976 yeye na familia yake walikwenda kuishi kwa miezi kadhaa na Wayanomami, jamii ya wenyeji wa msituni Venezuela. Katika kazi aliyoitoa mwaka 1979 naye yumo, anaonekana na kusikika. Hakujificha nyuma ya kamera.

Riziki katika kazi hii ni ya kuungaunga: ufadhili wa mradi, maonyesho, na kufundisha. Downey mwenyewe alifundisha chuoni New York. Atakayeingia akitarajia mshahara wa kila mwezi kutokana na sanaa hii peke yake atachoka mapema. Muda mwingi hauendi kwenye kurekodi, unaenda kwenye kujenga uaminifu, na baadaye kwenye kuhariri saa nyingi za picha.

Tena, tukirudi kwa Flaherty, kuigiza mbele ya kamera si kosa lenyewe. Nchini Brazil, mwaka 1987, mtengenezaji wa filamu Vincent Carelli aliwarekodi Wanambikwara, jamii ya wenyeji wa huko, wakifanya sherehe ya msichana aliyevunja ungo, akawaonyesha papo hapo. Hawakuridhika: waliona wamevaa nguo nyingi mno za kizungu. Wakaamua kuirudia kwa mapambo na rangi za mwilini. Kisha wakafanya jambo ambalo Carelli hakuliomba: wakawatoboa vijana wao pua na midomo, desturi waliyokuwa wameiacha kwa zaidi ya miaka 20. Mradi wa video wa Carelli baadaye ukaanza kuwafundisha wenyeji kurekodi na kuhariri wenyewe.