Ile nyeupe ndiyo ya kale

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Tumesimama ukingoni mwa mto Rhine, Ujerumani, ng'ambo ya mji wa Kaub, baiskeli tumezilaza kwenye majani. Katikati ya mto ngome ya Pfalzgrafenstein imekaa kisiwani kama merikebu iliyotia nanga: kuta nyeupe pe, nakshi nyekundu, paa la mawe meusi. Mgeni wangu akaitazama, akaguna. "Hii wameijengea watalii. Ile ya asubuhi ndiyo ya kweli."

Ile ya asubuhi ni Rheinstein. Mawe matupu, minara yenye meno, imening'inia mwambani utadhani popo. Imepigwa picha hamsini kabla hatujafika kilomita ya kumi. Na kila msimu, kwenye kila msafara ninaoongoza, kuna mtu atakayegeuza mambo hivi hivi. Nimechoka kulieleza hili nikiwa naendesha baiskeli huku nahema, kwa hiyo naliandika nikiwa nimekaa.

Mnara wa ile nyeupe ulijengwa mwaka 1327 kwa amri ya mfalme Ludwig wa Bavaria, na kazi yake ilikuwa moja: kutoza ushuru vyombo vilivyopita. Ukuta wa kuuzunguka ukafuata muda mfupi baadaye. Ngome hiyo haikubomolewa hata mara moja. Ushuru uliendelea kukusanywa pale hadi Waprusia, watu wa ufalme wa Kijerumani wa Prussia, walipoichukua mwaka 1866 wakaufuta. Paa lake la kuba ni la karne ya 18, sawa, na rangi imepakwa upya kwa kufuata ya zamani. Lakini kuta zenyewe ndizo zile zile.

Rheinstein je? Mwaka 1823 mwanamfalme Friedrich wa Prussia alinunua gofu. Kati ya 1825 na 1829 akalijenga upya jinsi watu wa wakati wake walivyoota ngome ya Zama za Kati. Unachokipiga picha ni ndoto ya karne ya 19 iliyosimamishwa juu ya msingi wa zamani. Nzuri, sikatai. Mimi mwenyewe husimama pale ninywe maji.

Jicho linadanganywa na nini? Mawe matupu. Tumezoea kuamini kwamba kitu cha kale lazima kiwe kimechubuka. Fundi wa Zama za Kati akikuta ukuta wa mawe ya kuokoteza umeachwa bila lipu wala chokaa angeuliza mwenye nyumba kaishiwa pesa au vipi. Lipu huzuia mvua isipenye kwenye viungo, na chokaa nyeupe huonekana kutoka mbali, jambo la maana ukiwa unataka nahodha ajue kwamba mbele kuna wa kumlipa. Kupenda mawe yaliyo uchi ni mapenzi ya karne ya 19. Kwa hiyo kwenye bonde hili, ukiona ngome imevaa, usikimbilie kusema ni mpya.

Stolzenfels, karibu na Koblenz, ndiyo mfano ninaoupenda wa ngome iliyojengwa upya. Ilianza karne ya 13 kama kituo cha ushuru cha askofu mkuu wa Trier. Mwaka 1689 majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa yakaibomoa. Ikakaa gofu zaidi ya miaka mia, kisha mji wa Koblenz ukamzawadia mrithi wa ufalme wa Prussia, naye akaijenga upya hadi 1842. Leo ukiingia unavalishwa ndara za kitambaa juu ya viatu ili usikwaruze sakafu ya mbao. Jengo ambalo linakuvalisha ndara halikuwahi kumwagiwa damu sebuleni. Wajerumani wenyewe hapo hubadilisha neno: Burg ni ngome, Schloss ni kasri, na Stolzenfels wanaiita Schloss. Nasi tuna maneno hayo mawili, basi tuyatumie. Kuita kila kitu "kasri" ni uvivu.

Ukitaka Zama za Kati hasa, nenda Marksburg, juu ya mji wa Braubach. Ndiyo ngome pekee ya kilimani kwenye sehemu hii ya Rhine ambayo haikuwahi kubomolewa, na sehemu ya kuta zake imepakwa chokaa. Ndani huingii bila mwongozaji wa pale pale. Ukivuka lango unapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, pana kwa farasi, mawe yameteleza kama sabuni. Viatu vyenye chuma cha pedali chini yake viache. Nimeshamdaka mtu mzima mkono hapo.

Hayo mengine ninayoambiwa na wageni nayamaliza haraka.

"Njia ni tambarare, ngome tutazipita mlangoni." Njia ni tambarare kweli. Ngome ziko juu. Marksburg iko kama mita 100 juu ya mto. Funga baiskeli mjini kwa kufuli, upande kwa miguu. Na usiniambie unataka ngome sita kwa siku moja. Mbili zinatosha, ya tatu utakuwa unatafuta kiti tu.

"Tuanzie Bingen, tushuke na mkondo, ni rahisi." Kutoka Bingen hadi Koblenz, kilomita 65 hivi, mto unashuka mita 20 tu. Miguu haihisi kitu. Kinachohisiwa ni upepo, maana bonde ni jembamba na upepo hupita kama kwenye bomba. Angalia utabiri wakati wa chai ya asubuhi. Kama ni wa mbisho, panda treni uanzie upande wa pili. Reli ziko kingo zote mbili.

"Tutavuka darajani hapo mbele." Hakuna daraja. Kutoka Koblenz hadi karibu na Mainz, hakuna hata moja. Kuna vivuko: Kaub, St. Goar, Boppard na kwingineko. Uliza saa ya kivuko cha mwisho kabla hujaagiza kitindamlo. Na vukeni, jamani! Ngome iliyo juu ya kichwa chako huioni. Iliyo ng'ambo ndiyo unayoiona. Ngome ya Rheinfels itazame ukiwa St. Goarshausen, na ngome ya Katz itazame ukiwa St. Goar.

"Loreley ni hadithi ya kale ya wavuvi." Loreley ni mwamba ulio juu ya mto, na pia jina la mwanamke wa hadithi anayesemekana kuwapoteza mabaharia hapo. Mwamba ni wa kale, mita 132 kwenda juu. Yule mwanamke alitungwa na mshairi Clemens Brentano mwaka 1801, na mshairi mwingine, Heinrich Heine, akampa umaarufu.

"Bonde ni tulivu, tutalala kama watoto." Treni za mizigo hupita usiku kucha, hasa ukingo wa kulia, na mwamba huzidisha kelele. Dirisha la mtoni utalilipia zaidi na hutalala. Omba chumba cha nyuma, upande wa mizabibu.