Barolo na Pipa la Mwaloni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Barolo ni mvinyo mwekundu wa vilima vya Langhe, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu na mji wa Alba. Hutengenezwa kwa zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo, kisha hukomazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Hapo kwenye pipa ndipo maneno mengi ya mitaani yanapopotoka.

"Ladha yake inatoka kwenye pipa."

Kwa pipa dogo na jipya, sawa. Lile la lita 225, barrique la Wafaransa, huchomwa kwa ndani linapoundwa. Tena ni dogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvinyo hugusa mbao na kunyonya harufu ya vanila na moshi. Lakini pipa la kijadi la Barolo, linaloitwa botte, hubeba maelfu ya lita na hutumika kwa miongo. Mbao zilizolowa mvinyo miaka yote hiyo zina vanila gani tena ya kutoa?

Kazi ya botte ni kupitisha hewa, na huipitisha kwa uchoyo. Nebbiolo changa ina ukakasi wa bibo: ulimi unakauka, ufizi unashikwa. Ukakasi huo ni tanini, itokayo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Oksijeni ikiingia kidogo kidogo, tanini hubadilika na ukali wake hulegea. Ndiyo sababu sheria inataka Barolo ikae angalau miezi 38, kuhesabu tangu tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mbao. Ile ya daraja la Riserva hukaa miezi 62. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya nusu ya muda huo unaweza kupita nje ya pipa, kwenye chupa kwa mfano.

"Mapipa makubwa ni ya wakweli, madogo ni ya wasaliti."

Ugomvi huu uligawa familia. Mwaka 1983 Elio Altare, mzalishaji wa kijiji cha La Morra, aliyekuwa amekwenda Burgundy, Ufaransa, akaona wenzake wanavyoishi vizuri kwa mvinyo, alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya baba yake ili apishe yale madogo. Baba akamnyima urithi. Upande wa pili alisimama mzalishaji Bartolo Mascarello, aliyechora kwa mkono lebo iliyosema "No Barrique No Berlusconi", akiwapiga mapipa madogo na mwanasiasa kwa jiwe moja.

Mimi naona kelele za mapipa zilifunika jambo kubwa zaidi. Kundi la kina Altare lilileta pia kupunguza vichala shambani ili vilivyobaki viive sawasawa, na usafi wa ghala. Mapipa mengi ya zamani yalikuwa machafu, na uchafu si mila ya kulindwa. Leo wazalishaji wengi wamerudi kwenye mapipa makubwa, lakini mafunzo ya shambani hawakuyatupa.

"Mwaloni wake ni wa Slovenia."

Ni wa Slavonia, mashariki mwa Kroatia. Wapo pia wanaotumia mwaloni wa Ufaransa au Austria.

"Rangi hafifu, mvinyo hafifu."

Nebbiolo haina rangi nzito, na kwa miaka hugeuka kuelekea rangi ya tofali. Nguvu yake haionekani kwa macho: kilevi si chini ya asilimia 13, na tanini ndizo hizo tulizozitaja. Anayeihukumu kwenye glasi kabla ya kuonja atashtuka.

"Imekuwa hivi tangu enzi na enzi."

Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipoonja mvinyo wa Nebbiolo mjini Turin mwaka 1787, aliielezea kuwa tamu kama Madeira, yenye ukakasi kama Bordeaux na yenye uchangamfu kama Champagne. Ilikuwa na sukari na mapovu! Barolo kavu, yaani isiyo tamu, ni ya karne ya 19. Hadithi ipendwayo humpa sifa Louis Oudart, mfanyabiashara wa mvinyo Mfaransa, ila watafiti wa karibuni wanamwelekea zaidi Jenerali Paolo Francesco Staglieno, aliyefanya kazi kwa Cavour, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana.

"Barolo zote ni moja."

Eneo lina wilaya ndogo 11, na ardhi haifanani. Upande wa La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, mvinyo mara nyingi huwa laini na wa manukato mapema. Ukivuka kwenda Serralunga d'Alba, udongo ni wa kale zaidi na mvinyo ni mkaidi, unaotaka subira ya miaka.

"Ikikaa zaidi, inakuwa bora zaidi."

Ile iliyojengeka vizuri, ikilazwa gizani kwenye nyuzi 12 hadi 15, inaweza kufika miaka 20 na kupita. Ikisimamishwa juu ya friji katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, inaharibika tu. Kama huna mahali pa baridi, nunua ya kunywa sasa, imimine kwenye jagi saa moja au mbili kabla ya kula, na iambatane na nyama yenye mafuta.