Chachandu ya jibini na nyanya mbichi: yasemwayo na yalivyo

Idi moja niliweka mezani bakuli la jibini laini lililochanganywa na nyanya mbichi, giligilani na rehani, na pembeni yake sinia la krispi za muhogo na vipande vya tango. Nilitaka watu wachovye wakati wakisubiri pilau. Nilipotoka tena jikoni, katikati ya bakuli palikuwa na dimbwi la maji ya rangi ya waridi, na shangazi yangu ameliinamia anachungulia.

"Mwanangu, haya maziwa yamekatika," akasema. "Usiwape watoto."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hata mimi nilidhani amesema kweli. Nikaliondoa bakuli kimyakimya. Tangu hapo nimeitengeneza hii chachandu mara nyingi (naiita chachandu kwa kukosa jina lingine), na kila nikiitengeneza hakosekani mtu wa kuja na lake. Hayo ndiyo nitakayoyajibu hapa, nikianza na la shangazi.

"Nyanya inakatisha jibini"

Shangazi alikuwa na msingi. Kamulia ndimu kwenye maziwa ya moto uone yanavyokatika, na nyanya nayo ina uchachu. Alichosahau ni kwamba jibini ni maziwa ambayo yamekwisha kukatika. Protini ya maziwa iitwayo kaseini huganda uchachu unapofika karibu na pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi). Mtindi umeshavuka hapo, jibini laini ya kupaka iko jirani, na nyanya mbivu nyingi zinazunguka humohumo. Hakuna kipya kinachotokea zikikutana.

Maji basi yalitoka wapi? Kwenye nyanya zenyewe. Karibu asilimia 95 ya nyanya ni maji, na chumvi ikishagusa pale ulipopitisha kisu inaanza kuyavuta nje. Usidhani utaponea kwa kutotia chumvi, maana jibini ina yake. Ukikatakata nyanya ukazivuruga moja kwa moja kwenye bakuli, umeweka saa ya kuhesabu: nusu saa, saa moja, na dimbwi lile litakuja.

Dawa ni kuyatoa maji kabla, kwa chumvi ileile. Chukua nyanya nne za wastani, zipasue katikati, toa mbegu kwa kidole, kisha kata vipande vidogo kama punje za mahindi. Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, weka kwenye chujio juu ya bakuli, uende kufanya mengine. Dakika tano za kwanza utadhani umedanganywa. Kisha vipande vinaanza kung'aa kama vimepakwa mafuta, tone la kwanza linadondoka, na baada ya dakika 20 hadi 30 chini kuna karibu robo kikombe cha maji. Robo kikombe hiyo ndiyo iliyoniaibisha siku ya Idi. Malizia kwa kuzipangusa nyanya na kitambaa kikavu. Usizikamue, zitakuwa mashudu.

Sokoni nako kuna la kuchagua. Nyanya zenye umbo la yai, kama Cal J na Roma, zina nyama nyingi na ute kidogo. Money Maker, ile ya mviringo, ni tamu kwenye kachumbari lakini ina maji mengi, kwa hiyo izidishie muda kwenye chujio.

Na ute wa mbegu usiutupe. Wengi tunauona takataka, kumbe ndimo ladha ilimojificha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2007 kwamba ute huo una glutameti nyingi kuliko nyama ya nyanya, na glutameti ndiyo inayokupa ile ladha nzito ya mchuzi uliokolea. Mimi nautia kwenye kachumbari pamoja na maji ya kwenye bakuli. Siku nyingine natia pilipili manga nikanywa palepale nimesimama.

"Bila jibini ya bei mbaya ya supamaketi haitoki"

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na siwalaumu nikikumbuka bei za kile kipakiti kidogo cha jibini ya kupaka kutoka nje. Iliyo maarufu kuliko zote, Philadelphia, watu huamini ilianzia mji huo. Ilianzia jimbo la New York katika miaka ya 1870, na jina likabandikwa mwaka 1880 kwa sababu mji wa Philadelphia ulisifika kwa maziwa mazuri. Ukilipia jina, ujue walau ni jina la biashara.

Mtindi unatosha. Nunua lita moja ya mtindi mzito usio na sukari (soma pakiti, kuna ile ya vanila itakayokuharibia shughuli), koroga na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mimina kwenye kitambaa safi cha kuchujia tui, funga, weka juu ya chujio lenye bakuli chini, yote ndani ya friji. Ukiifunga usiku, asubuhi unakuta donge jeupe la kushika kijiko, kama nusu ya ulichomimina au pungufu. Jamaa zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba hawatashangaa, kwa sababu labneh, mtindi uliochujwa hivihivi, iko mezani kwao kila asubuhi, imechimbwa kishimo katikati na kumwagiwa mafuta ya zeituni. Yale maji ya kijani-njano yaliyobaki kwenye bakuli nakandia chapati.

Ukishapata donge lako, weka blenda mbali. Kuna imani kwamba blenda ndiyo inayolainisha. Kwa mtindi uliochujwa inafanya kinyume: visu vinavunja ule mshiko ulioungoja usiku kucha, na dakika moja baadaye una uji. Nyanya zikipita humo zinaingiza hewa, unapata povu la pinki. Uma na mkono vinatosha. Kama unatumia jibini ya pakiti, itoe nje ya friji robo saa kabla, maana ikiwa baridi inashikana mabonge hata ungeipiga vipi.

Na wale wa "hicho chakula cha wazungu" nao nawasikia. Neno jibini lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Waethiopia wana ayib, jibini laini wanayoila na kitfo, nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyopikwa, tangu enzi za mababu. Masisi, kule Kivu Kaskazini, wanatengeneza jibini za mviringo zinazouzwa hadi Goma, na Njombe wanatengeneza za kwao. Nyanya ndiyo mgeni hasa, imetoka Amerika, na hakuna anayeiuliza pasipoti kwenye mchuzi wa nazi.

"Rehani ni ya kikuba, hailiwi"

Hili ni la mama mmoja jirani, mtu wa Unguja, aliyeniona nachuma majani uani. Kwake rehani huenda na asumini na mkadi kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, kifuani mwa bibi harusi. Kuitia kwenye chakula ni kama kula udi.

Rehani ile ni jamaa moja na ile ambayo Waitalia wanaiweka juu ya nyanya, spishi ni moja, aina ndizo mbalimbali. Nyingi za huku zina harufu kali kidogo, na katika mafuta yake imo yujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Nilipomwambia hivyo jirani alicheka: "Ndiyo maana inanukia nyumbani." Kwa kuwa ni kali, majani sita au saba yanatosha bakuli zima. Mengine yote yawe giligilani (kotimiri kwa wa Unguja, dania kwa wa Nairobi) na majani ya kitunguu.

Rehani usiiweke friji. Baridi inaiunguza, majani yanageuka meusi kabla hujayafikia. Isimamishe kwenye glasi ya maji mezani kama maua. Ikate dakika za mwisho kwa kisu kikali, maana kisu butu kinaponda, na palipopondwa panakuwa peusi.

Kuna pia anayesema giligilani inanuka sabuni. Msimbishie. Kuna watu wamezaliwa na tofauti kwenye vinasaba vya kunusa inayowafanya waisikie hivyo kweli. Mtengee bakuli lake la majani ya kitunguu tu.

Madogomadogo

"Viungo vikavu ni sawa na vibichi." Vinaweza kuziba pengo, ila kwa theluthi moja ya kipimo, na vinahitaji saa mbili ndani ya jibini ili vilainike. Vibichi vinatiwa mwisho.

"Kitunguu swaumu kibichi lazima kichome koo." Kipondee ndani ya maji ya ndimu, kisha kiache humo dakika kumi kabla ya kuchanganya. Uchachu unadhoofisha kimeng'enya kinachotengeneza ule ukali. Punje moja tu, lakini, kwa sababu ikilala usiku itakuwa imeenea kote.

"Jibini isiyo na mafuta ndiyo ya afya." Kwa bakuli hili sikubaliani. Laikopini, rangi nyekundu ya nyanya, mwili huinyonya vizuri ikiwa na mafuta, na jibini isiyo na mafuta mara nyingi ni maji zaidi, nasi maji tumeyapiga vita tangu mwanzo. Kijiko cha mafuta ya zeituni au alizeti juu yake hakidhuru. Kweli, nyanya iliyopikwa inatoa laikopini kwa urahisi zaidi. Mbichi, kwa upande wake, inabaki na vitamini C yake.

"Nyanya zikae friji." Za kijani na zinazoiva, hapana, baridi inaua harufu yake. Zilizoiva kabisa katika joto la Dar, weka, kuliko zioze, ila zitoe mapema zirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kukata.

"Haipikwi, kwa hiyo haina cha kuungua wala cha kudhuru"

Hapa nageuka mkali. Chakula kinachopikwa kina moto wa kukusamehe uchafu wako. Hiki hakina. Ulichoingia nacho ndicho utakachokula.

Cha kwanza ni maziwa. Mtindi wa kiwandani umetokana na maziwa yaliyopashwa moto kwa kipimo, kwa mfano nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Ule wa kwenye kidumu cha mwendesha baiskeli, muulize. Ni mtamu, nakiri, lakini kama maziwa hayakuchemshwa, kugandisha hakumalizi vijidudu vya brusela, homa inayotoka kwa mifugo, wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. "Mbona umechachuka, vijidudu vimekufa" ni maneno ya kujifariji. Kwa mjamzito kuna na listeria, bakteria anayependa jibini laini ya maziwa mabichi na ambaye, tofauti na wenzake wengi, anaendelea kuzaliana hata ndani ya friji.

Ndimu nayo imepewa sifa isizostahili. Ndimu haipiki. Inaongeza ladha na kuwakera baadhi ya bakteria, basi. Nyanya na majani vioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa, na ubao uwe si ule uliokatia kuku asubuhi. Na nyanya zilizotoka kuchomwa na jua sokoni usizitumbukize kwenye maji ya barafu: zikipoa ghafla zinavuta maji ndani kupitia kovu la kikonyo, pamoja na chochote kilichomo kwenye hayo maji.

Halafu saa. Bakuli lenye jibini lisizidi saa mbili nje ya friji, na joto likipita nyuzi 32, saa moja. Fikiria sebule ya Dar mwezi wa pili, watu ishirini, feni moja. Kwa hiyo sasa naandaa mabakuli mawili madogo badala ya moja kubwa. La kwanza linatoka, la pili linasubiri kwenye friji, na lililobaki mezani muda ukipita halirudi ndani hata likiwa limejaa. Lililokuwa kwenye friji wakati wote linakaa siku mbili au tatu.

Mwaka uliofuata Idi ilikuwa kwangu tena. Nyanya zilishalala kwenye chujio, mtindi ulishashinda usiku kwenye kitambaa. Shangazi akaliinamia bakuli kama mara ile, akalisogeza kwenye mwanga, akaliinamisha upande mmoja kuona kama kuna kitakachotiririka. Hakikutiririka kitu. Akachukua kipande cha muhogo, akachovya, akatafuna taratibu.

"Jibini, siyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Imepungua ndimu," akasema, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine.